Lacey Sturm wa Flyleaf: kwa nini alitoka bendi ikiwa juu?

gitaa_bovu:
Wakuu habari za jioni, swali langu ni kwa wale wa rock, najua humu tuko wachache. Juzi Yutyubu imenirushia Flyleaf, ile bendi ya Texas, nikajikuta nasikiliza mpaka usiku mnene. Sasa nashuka kwenye komenti nakuta watu bado wanamlilia yule dada Lacey, mwimbaji wao, eti alitoka 2012, wengine wanasema alifukuzwa, wengine eti walokole wenzake walimchoka kwa ule ukelele wake akiimba. Ukweli ni upi? Na hii ni bendi ya gospo kweli au ni rock tu ya watu wanaosali?

Mzee wa Besi:
Hakufukuzwa mkuu, aliondoka mwenyewe. Mwaka huo huo wa 2012 fundi wao wa sauti, Rich Caldwell, alifariki, akaacha mke na mtoto mdogo. Lacey naye alikuwa ametoka kujifungua mtoto wake wa kwanza 2011, sasa ukikaa kwenye basi la ziara miezi na miezi halafu mwenzako wa kila siku anaondoka hivyo lazima ujiulize. Shoo yake ya mwisho ilikuwa ya kuichangia familia ya marehemu. Tangazo la kutoka lilikuja Oktoba, siku chache tu kabla ya albamu ya New Horizons kuingia sokoni, yaani mashabiki wananunua albamu ambayo mwimbaji ameshaaga 😅 Akaingia Kristen May, sauti nzuri tu, ila kuvaa viatu vya yule dada ilikuwa shughuli.

Dada wa Kwaya:
Kwenye imani niseme kidogo. Huyu dada alikuwa hamwamini Mungu kabisa, na akiwa na miaka 16 alikuwa ameshapanga kujiua. Bibi yake ndiye aliyemlazimisha kwenda kanisani siku hiyo hiyo, kaenda amenuna, akatoka mtu mwingine. Huwa anausimulia huu ushuhuda waziwazi, na 2014 akaandika kitabu, The Reason. Kwa hiyo mtu akiniambia ule ukelele si wa kiroho namshangaa, mbona Daudi kwenye zaburi analia na kulalamika mwanzo mwisho na hakuna aliyemtoa kwenye Biblia?

kichwa_ngumu:
Sawa dada ila bendi ya gospo haiendi ziara moja na Korn na Deftones, bendi za rock nzito zisizo za dini. Flyleaf walikuwemo nao kwenye ziara ya Family Values ya 2006.

Mzee wa Besi:
Sasa hapo ndipo utamu ulipo bwana. Wao hawakujifungia kwenye soko la kanisa, albamu ya 2005 ilipigwa kwenye redio za rock za kawaida na za Kikristo pia, ikafika platinamu Marekani, zaidi ya kopi milioni moja. Sikiliza wimbo wao I'm So Sick, besi inaanza peke yake, Lacey anaingia kwa sauti ya chini kama anakunong'oneza, halafu ghafla anapasua, nywele zinasimama. Shabiki wa Korn hakuhitaji mahubiri pale, aliusikia tu uchungu.

gitaa_bovu:
Daah asanteni. Kwa hiyo baada ya hapo alikaa nyumbani kulea tu?

Dada wa Kwaya:
Akae wapi! Februari 2016 katoa albamu ya Life Screams akiwa solo, ikaingia namba 1 kwenye chati ya albamu za hard rock ya Billboard, na hakuna mwanamke wa solo aliyewahi kufika hapo kabla yake. Mume wake Joshua naye ni mpiga gitaa, wanafanya kazi pamoja. Halafu 2022 ikatangazwa karudi Flyleaf.

kichwa_ngumu:
Mimi Life Screams niliona ya kawaida tu, Memento Mori, albamu ya Flyleaf ya 2009, haijapata mpinzani mpaka leo.

Mzee wa Besi:
@kichwa_ngumu hapo kwa mara ya kwanza tumekubaliana. @gitaa_bovu anza na ile ya 2005 kisha hiyo, na uvae hedifoni, majirani hawana kosa.