Nyota Eta Carinae ilitapika gesi zote zile halafu ikabaki hai, inakuwaje?

Kibuyu_cha_Anga: Wakuu naombeni kueleweshwa. Nimeona picha ya Eta Carinae iliyopigwa na darubini ya angani ya Hubble, nyota yenyewe huioni, unaona mapovu mawili makubwa yameshikana kiunoni, nikasoma kwamba hiyo ni gesi iliyoitapika miaka ya 1840. Sasa si ilitakiwa iwe imekufa? Na nyota nzito vile mvutano wake si mchezo, kitu gani kinaisukuma gesi itoke?

mzee_darubini: Mwanga wenyewe mkuu. Mwanga unasukuma, sema kidogo sana ndo maana hatuusikii kwenye ngozi. Ila ile nyota inawaka kama Jua mara milioni kadhaa, kwahiyo ule msukumo unakaribia kulingana na mvutano, kuna kikomo kinaitwa cha Eddington, ikikipita tu tabaka la juu linang'oka. Jua letu liko mbali mno na hapo. Lakini kutema gesi yenye uzito wa zaidi ya Majua 10 ndani ya miaka kama 20, hapo mwanga peke yake wengi hawaridhiki, wapo wanaosema palikuwa na nyota tatu, mbili zikamezana. Mimi naegemea huko.

Kibuyu_cha_Anga: Sawa, ila nasikia 1843 ilikuwa ya pili kwa kung'aa baada ya Sirius halafu ikapotea machoni. Si ndo kuzimika huko?

mzee_darubini: Haikuzimika, ilijifunika. Gesi ikipoa inafanya vumbi, vumbi linaumeza mwanga na kuutoa kama joto, infraredi. Siku hizi inaonekana tena kwa macho. Mapovu yenyewe bado yanatanuka, kama kilomita 650 kwa sekunde!!

tota88: Naongezea, hizo gesi zina kazi yake nyota ikija kulipuka kweli. Cheki nyota inaitwa SN 2009ip, 2009 watu wakaiita supanova, yaani mlipuko wa nyota kufa, kumbe feki, ilikuwa inatapika tu, 2012 ikaja na mlipuko mkubwa zaidi, vifusi vikaigonga gesi iliyotangulia ndo ikawaka vile.

Kibuyu_cha_Anga: Daah, kwahiyo Eta nayo inasubiri siku yake

tota88: Au ishalipuka kaka, iko miaka ya nuru kama 7,500, yaani mwanga wake unatumia miaka hiyo kutufikia, hata hayo matapishi ya 1840 ni habari iliyochelewa