Kadi ya Mwanaidi: gumzo la Ukoo wa Barabara ya 12

Sudi: Asalaam aleykum wote. Jamani Mwanaidi hakusafiri. Wamemzuia pale kaunta ya eapoti, wamesema kadi yake ya ukaazi wa Kanada imeisha muda kwahiyo hawawezi kumpandisha ndege. Tumerudi naye Temeke sahivi yupo ndani amelala, hajala kitu

Shangazi Zuhura: Innalillahi. Kwani wamemfukuza??

Mjomba Bakari: Waaleykum salaam. Sudi mwanangu eleza vizuri. Amezuiwa na uhamiaji wetu au na watu wa ndege? Hayo ni mambo mawili tofauti.

Sudi: Watu wa ndege mjomba. Uhamiaji hata hatukufika. Yule dada wa kaunta kaangalia pasipoti, kaangalia kadi, kaita mkubwa wake, wakazungumza pembeni, basi wakarudi na jibu hilohilo

Halima (Makorora): Nipo na mama hapa. Analia tu anasema yeye ndo kamponza mtoto, kama asingevunjika nyonga Mwanaidi angeshaondoka zamani kadi ikiwa nzima. Nimemwambia mama acha maneno hayo lakini wapi. Anauliza ina maana ruhusa ya kuishi kule ndo imekufa? Kazi je? Mume wake Athumani na mtoto je?

Shangazi Zuhura: Mwambieni asilie, pressure itapanda. Rukia yuko wapi? Huko ni saa ngapi? Rukia mwanangu ukiona ujumbe huu jibu

Rukia (Edmonton): Nipo mama, ndo natoka zamu. Shikamoo mama, shikamoo mjomba. Halima niwekee spika nimwambie mama mdogo mwenyewe, au msomee hii: RUHUSA HAIJAFA. Kilichoisha muda ni kadi, ukaazi wake uko palepale. Ukaazi wa kudumu haufi kwa tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, unakufa afisa akitoa uamuzi kwamba umeupoteza na ukashindwa rufaa, au ukiukana mwenyewe kwa maandishi, au ukipata uraia. Mwanaidi hayumo kwenye hata kimoja hapo. Leo hii anahesabika mkaazi wa kudumu kama mimi niliyekaa huku

Rukia (Edmonton): na yule dada wa kaunta msimlaumu sana, wao shirika la ndege likimpandisha mtu asiye na karatasi sahihi linatozwa pesa na serikali ya Kanada, kwahiyo wanaangalia karatasi tu, habari ya kwamba una haki ya kuingia wao haiwahusu. Angekuwa ameshafika mpakani kwa miguu yake wangemruhusu, sheria ya uhamiaji ya kule inasema mkaazi wa kudumu akithibitisha kuwa ana ukaazi huo lazima aruhusiwe kuingia. Shida ni kufika sasa

Mjomba Bakari: Nimeelewa. Halima, mwambie dada yangu hivi: hati ya nyumba ikiliwa na mchwa nyumba haijabomoka. Inatafutwa hati nyingine.

Halima (Makorora): Amesikia mjomba. Ametingisha kichwa. Anasema apelekewe maji

Sudi: Sasa mimi kuna jamaa nimeongea naye Kariakoo, anasema yeye hizi kesi anazimaliza, anataka milioni moja na nusu, nusu kwanza nusu viza ikitoka. Anasema atamwombea viza ya kutembea aingie kama mgeni afu akifika anabadilisha

Rukia (Edmonton): Sudi kaka yangu nakuomba usimpe huyo kishoka hata shilingi. Kwanza mkaazi wa kudumu hapewi viza ya kutembea, mfumo utamwona jina lake na watakataa. Pili kwenye fomu ile itabidi aandike kwamba yeye ni mgeni, na hiyo ni kudanganya serikali, hapo sasa ndo utakuwa umempa matatizo ambayo hakuwa nayo

Sudi: Alitaja na njia nyingine, aende Marekani avuke kwa gari

Rukia (Edmonton): Hiyo ipo kweli, simkatalii. Ukiwa kwenye gari binafsi mpakani unaweza kuingia na kadi iliyoisha, ila ataingiaje Marekani? Pasipoti yetu inataka viza yao, na hiyo viza foleni yake na maswali yake ni safari nyingine nzima. Njia hiyo ni ya wale ambao tayari wana viza ya Marekani mkononi

Omari (Dar): Si Athumani aombe kadi mpya kule kule aitume kwa DHL? Siku tatu nne imefika

Rukia (Edmonton): Hapana Omari. Kadi inaombwa na mwenyewe akiwa ndani ya Kanada na serikali haiitumi nje ya nchi. Watu wengi wanakwama hapo wanaambiwa na rafiki "niandikie nikuombee". Na ile karatasi aliyopewa siku ya kwanza alipoingia kama mkaazi nayo haipandishi ndege

Rukia (Edmonton): Njia yake ni MOJA. Kuna hati ya safari ya mkaazi wa kudumu, huku wanaiita kwa kifupi PRTD. Inabandikwa kwenye pasipoti kama viza. Inaombwa ukiwa nje ya Kanada tu, ada yake dola 50 za Kanada, ni kama laki hivi kwa pesa yetu. Sio milioni na nusu. Unajaza fomu IMM 5444 na unaweza kuomba onlaini kwenye tovuti ya uhamiaji wa Kanada. Ikikubaliwa anapeleka pasipoti, inabandikwa, anapanda ndege kama watu wengine

Shangazi Zuhura: Alhamdulillah. Dola 50 tu?

Rukia (Edmonton): Dola 50 mama. Kazi sio pesa, kazi ni ushahidi

Mwanaidi: Nimeamka. Nimesoma yote. Shikamooni wakubwa. Ahsante Rukia, Mungu akuweke

Mjomba Bakari: Marahaba mwanangu. Pole sana. Kula kwanza ndo tuongee.

Mwanaidi: Nimekula mjomba, wifi kanipikia uji. Rukia ushahidi wa nini hasa wanataka?

Rukia (Edmonton): Wa siku. Sheria ya kule inakutaka katika kila miaka 5 uwe umekaa ndani ya Kanada siku 730, yani miaka miwili. Sio lazima mfululizo, hata ukikaa miezi ukatoka ukarudi zinajumlishwa. Na hiyo miaka 5 wanahesabu kurudi nyuma kuanzia siku wanapokea maombi yako. Nikuulize, kabla ya mama kuanguka ulikuwa unatokatoka?

Mwanaidi: Sijatoka. Nilikuwa kule moja kwa moja kazini mpaka nilivyopigiwa simu mama yuko hospitali ya Bombo. Nikaja na kadi ikiwa bado ina muda, nikijua nakaa mwezi narudi. Afu akapewa rufaa kwenda MOI, hospitali ya mifupa pale Muhimbili, upasuaji wa kwanza haukushika vizuri ikabidi warudie, mi ningemwachaje? Halima ana mtoto mchanga, Sudi kazini. Nilibaki na ningebaki tena

Halima (Makorora): Mama kasikia nimemsomea. Anasema radhi zake zote unazo

Rukia (Edmonton): Basi siku zako zinatosha na zinabaki. Ila usikae ukasema ntaomba mwezi ujao. Hiyo miaka 5 inasogea kila siku, kila siku unayolala Temeke inaingia ya nje mbele na nyuma inaweza kudondoka ya ndani. Wewe una nafasi lakini kuna watu wanakaa na siku 740 wanasubiri mpaka wanashuka chini ya mstari bila kujua

Rukia (Edmonton): sasa vitu vyenyewe. Kurasa zote za pasipoti zenye mihuri, na ya zamani pia kama ndani ya hiyo miaka 5 uliitumia. Karatasi za kodi za kila mwaka zile mamlaka ya kodi inakutumia baada ya kujaza ritani, hizo ndo zina nguvu sana. Za mshahara. Mkataba wa nyumba. Taarifa za benki zinazoonyesha unanunua vitu kule kule. Shule ya mtoto. Afu kwa vile una haraka andika barua fupi ueleze kwanini, weka na barua ya mwajiri inayosema kazi inakusubiri mpaka lini

Mwanaidi: Barua ya mwajiri ninayo kwenye imeli. Na za hospitali ninazo zote

Rukia (Edmonton): Weka. Siku zako zinatosha kwahiyo hujitetei, ila hizo za hospitali zinaeleza kwanini kadi imeishia huko. Chochote kilichoandikwa kwa Kiswahili kitafsiriwe na mtafsiri anayetambulika, hata barua ya serikali ya mtaa. Wao wanasoma Kiingereza na Kifaransa tu. Na picha usiende studio ukasema nipige paspoti saizi, fungua maelekezo yao mwonyeshe mpiga picha vipimo, watu wanarudishiwa maombi kwa ajili ya picha

Shangazi Zuhura: Mi naomba niulize jambo. Mwanaidi una miaka mingi kule, kwanini hukuchukua uraia wao ukaepukana na kadi hizi?

Mwanaidi: Shangazi nikichukua wa kwao wa kwetu unaondoka, Tanzania mtu mzima haruhusiwi kuwa na uraia wa nchi mbili. Ntakuwa mgeni kwetu. Na kuna kile kiwanja cha Mwambani alichoniachia baba, mtu asiye raia hamiliki ardhi kama raia. Nimeliwaza sana hili shangazi, mpaka leo moyo unakataa

Mjomba Bakari: Na usiharakishwe na mtu. Ile minazi baba yako aliipanda kwa mkono wake.

Hamza (Pangani): Samahani nimechelewa kuingia, nilikuwa baharini. Pole dada Mwana. Rukia naomba niulize hapahapa hakuna wa kumficha. Mimi kadi yangu iliisha siku nyingi na siku sina, toka nirudi kushughulika na boti sijaenda tena. Mi nilishajihesabu nimeshapoteza. Ndo hivyo?

Rukia (Edmonton): Hamza ahsante kuuliza. Sio hivyo. Hata wewe mpaka leo hujapoteza, kwa sababu hakuna afisa aliyekaa akaamua. Ila ukiomba PRTD leo wataona siku hazitoshi na hapo itategemea na unachoeleza. Sheria inawaruhusu kuangalia ubinadamu, kwa mfano ulikuwa unamuuguza mzazi, au kuna mtoto kule ambaye maslahi yake yataumia. Kuna na siku nyingine za nje zinazohesabika kama za ndani, mfano ulikuwa nje unaishi na mume au mke ambaye ni raia wa Kanada, au uliajiriwa na kampuni ya Kanada ikakutuma kazi nje

Hamza (Pangani): Mke wangu wa hapahapa Pangani. Lakini nilirudi kwa ajili ya mzee, mnajua, mpaka tumemzika

Rukia (Edmonton): Tunajua kaka, Mungu amrehemu. Hiyo ieleze yote na vyeti vyake. Wakikataa una siku 60 za kukata rufaa toka siku umepata barua, kuna baraza la rufaa za uhamiaji kule. Na anayekata rufaa ambaye aliwahi kuwepo Kanada ndani ya siku 365 zilizopita anapewa hati ya kwenda kuisikiliza, ila hilo wewe limekupita, rufaa yako ungeifanya ukiwa nje. Kwahiyo kesi yako sio ya kujaza peke yako, tafuta mwanasheria wa uhamiaji mwenye leseni ya kule. Na mtu asije akakupa karatasi ya kuukana ukaazi ati ili upate viza ya kutembea haraka ukasaini bila kufikiri, ukishasaini ikapita umeondoka kweli

Hamza (Pangani): Nimekuelewa. Nilikuwa nimelikalia hili peke yangu muda mrefu sana

Mjomba Bakari: Hamza, Jumapili njoo Ngamiani na makaratasi yako. Tutakaa nayo pamoja.

Omari (Dar): Na tiketi ya Mwanaidi? Pesa yote ile

Sudi: Nilisimama pale mpaka wakakubali kusogeza tarehe, kuna nyongeza kidogo lakini tiketi haijafa

Rukia (Edmonton): Safi sana Sudi. Ila msipange tarehe mpya mpaka hati iko kwenye pasipoti. Na hati hii mara nyingi ni ya kuingia mara moja, kwahiyo Mwana ukifika tu unaomba kadi mpya, dola 50 nyingine, na husafiri tena mpaka ifike mkononi. Wengine humu wenye kadi, ikibaki chini ya miezi 9 unaruhusiwa kuomba mpya ukiwa huku, msisubiri

Mwanaidi: Sawa. Athumani nimempigia ameamka, anataka kujua faili liko wapi

Rukia (Edmonton): Liko wapi?

Mwanaidi: Kabati la chumbani droo ya chini, bahasha ya kaki. Karatasi za kodi zipo za miaka yote. Mkataba wa nyumba ule mpya uko kwenye droo ya jikoni. Askani zote sio kupiga picha kwa simu, zikitoka giza hazisomeki

Rukia (Edmonton): Namfuata mwenyewe kesho nikitoka kazini nina skana. Wewe usiku huu piga picha mihuri ya pasipoti yote nitumie, tuandike tarehe za kuingia na kutoka zote kwenye karatasi moja kabla hujagusa fomu, zisipishane hata siku moja

Mwanaidi: Natuma sasa hivi

Halima (Makorora): Mama anauliza Mwanaidi anarudi Tanga kusubiri au anabaki Dar?

Mwanaidi: Mwambie narudi. Kuomba ni onlaini, pasipoti nitaipeleka Dar wakiniita. Kesho asubuhi niko Mbezi stendi ya Magufuli, mchana nashuka Kange inshallah

Halima (Makorora): Anasema basi nikuchemshie muhogo. Na ameomba chakula