Nikitaka kulijua somo langu zaidi, nianzie wapi?

Mwalimu wa Temeke
Walimu wenzangu, habari za kazi. Ninafundisha Hisabati darasa la tano, mwaka wa kumi na nne sasa. Wiki iliyopita mwanafunzi aliniuliza kwa nini katika kugawanya sehemu, kama nusu kwa robo, tunaipindua ile ya pili kisha tunazidisha. Nilimjibu kwamba ndiyo kanuni. Alinyamaza, lakini jibu lile halikuniridhisha hata mimi. Vikao vyetu vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) huishia kwenye zana na namna ya kupanga makundi, somo lenyewe haliguswi. Je, nijiunge na shahada Chuo Kikuu Huria, au ipo njia nyingine?

Mstaafu, Ilala
Mwalimu, umefanya vema kutoridhika. Chukua nusu ya chapati, uliza ina robo ngapi. Chapati nzima ina robo nne, kwa hiyo nusu yake ina nusu ya hizo nne, yaani mbili. Ile nne ndiyo iliyojitokeza ulipoipindua robo. Mwaka 1986 Lee Shulman, mtaalamu wa elimu wa Marekani, aliyatofautisha maarifa ya somo na maarifa ya kulifanya somo hilo limwingie mwanafunzi, na kwa uzoefu wangu hayo ya pili hayapatikani kwa mtu ambaye ya kwanza yamempungukia.

Mwalimu wa sekondari, Kigamboni
Shahada niliisoma huku nikifundisha, na sijutii, ila inadai miaka na ada, wala haitakurudisha kwenye sehemu za darasa la tano. Ningeanza na taarifa za Baraza la Mitihani za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zilizoko kwenye tovuti yake, kwa kuwa zinaonyesha mtahiniwa alikosea wapi na kwa fikra gani. Kisha peleka kikaoni madaftari matatu yenye makosa ya aina moja, mjadili kosa lenyewe kabla ya zana. (Wa kwanza kukasirika atakuwa yule anayesema somo hili analijua tangu chuoni.)

Mwalimu wa Temeke
Shikamoo mzee wangu, na asante nyote. Leo nimekata chapati ya karatasi, wameelewa, kisha yule yule akauliza: nusu ukiigawanya kwa robo tatu, mbona robo tatu haienei ndani ya nusu? Nimechora nusu kama robo mbili kati ya tatu zinazohitajika, tukapata theluthi mbili. Swali hilo nalipeleka kikaoni Alhamisi, pamoja na madaftari.