Bunduki mpya ya bolti: je, ni kasoro au ni ugeni wa mkono wangu?

Mgeni wa Bolti

Ndugu zangu, salaam. Hivi karibuni nimepata bunduki yangu mwenyewe ya bolti, yaani ile ya kuvuta na kusukuma kwa mkono chuma kinachoingiza risasi, kwa mara ya kwanza. Ni ya risasi za .308 Winchester, ina mtutu wa sentimita 56 na kitako cha plastiki, na uzito wake bila darubini haufiki kilo 3. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiazima bunduki ya mfumo wa Mauser, ule wa Kijerumani wa zamani, kwa hiyo mkono una mazoea yake na huenda ndiyo yanayonipotosha. Nimefyatua risasi 40 uwanjani, kwa umbali wa mita 100, sehemu ya mbele ya kitako ikiwa juu ya mfuko wa mchanga.

Bolti ni nzito kuinua, ingawa mpini wake huzunguka nyuzi 60 tu. Ikishainuka, hurudi nyuma kwa ulaini ambao ile bunduki ya kuazima haikuwa nao. Jambo linaloniumiza kichwa zaidi ni shabaha: risasi tatu za kwanza hukaa pamoja ndani ya milimita 25, lakini ya nne na ya tano hupanda kuelekea kulia, hata kundi zima likafika milimita 70. Tena, nikiisukuma bolti polepole, mara nyingine ncha ya risasi hugota kwenye ukingo wa chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi. Triga sina neno nayo, kwani hukatika ghafla kama kijiti kikavu.

Je, niirudishe nilikoipata, au haraka yangu ndiyo tatizo?

Fundi Vitako

Usiirudishe bado. Nyuzi 60 maana yake bolti yako ina meno matatu ya kufungia, wakati ile ya Mauser ya mwaka 1898 ina mawili makuu na huinuliwa nyuzi 90. Katika zote mbili, kuinua mpini ndiko kunakoikandamiza springi ya pini ya kufyatulia. Kazi ni ileile, ila wewe unaifanya katika theluthi mbili za njia, na ndiyo sababu unahisi uzito. Faida yake ni kwamba mpini haukaribii darubini. Hata hivyo, linganisha kwanza: inua bolti chemba ikiwa tupu, kisha inua baada ya kufyatua. Uzito ukiwa sawa, huo ni umbile lake. Ukizidi baada ya kufyatua tu, tazama maganda: fataki (kile kidonge cha kuwashia baruti kilicho katikati ya kitako cha ganda) iliyobapa kupita kawaida, au alama inayong'aa kwenye kitako cha ganda, huashiria shinikizo kubwa au chemba chafu, na hapo uache kufyatua mpaka sababu ijulikane.

Kuhusu shabaha, mtutu mwembamba hupata joto upesi, na ukipata joto huweza kuhama kidogo, hasa ukigusa kitako. Chukua kipande cha karatasi, kipitishe kati ya mtutu na kitako kuanzia mbele hadi karibu na chemba, bunduki ikiwa imeegemezwa vilevile unavyoiegemeza uwanjani. Nasisitiza vilevile, kwa kuwa plastiki hupinda: karatasi inaweza kupita vizuri bunduki ikiwa mkononi, kisha ikanasa pindi uzito unapokaa juu ya mfuko. Kagua pia skrubu zinazoshikanisha chuma na kitako, pamoja na za darubini, na uzikaze kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha bunduki, si kwa nguvu ya kiganja. Nimeletewa bunduki nyingi zilizosingiziwa mtutu mbovu, kumbe ni skrubu ya mbele imelegea.

Usidanganywe na kundi la risasi tatu, zuri au baya. Milimita 25 kwa mita 100 ni chini ya dakika moja ya pembe (sehemu moja ya sitini ya nyuzi), ambayo kwa umbali huo ni kama milimita 29. Lakini matundu matatu ni machache mno kukuonyesha tabia ya bunduki. Fyatua kumi, ukiupa mtutu muda wa kupoa kila baada ya mbili.

Mzee wa Masafa

Fundi amesema vyema. Mimi naongeza juu ya kugota. Mfumo wa Mauser una ukucha mkubwa unaoshika kitako cha ganda mara tu risasi inapotoka magazini, yaani kwenye kisanduku cha risasi, hivyo hata ukienda kwa mwendo wa kinyonga risasi haiponyoki. Bunduki nyingi za sasa husukuma tu. Ukucha mdogo haushiki mpaka bolti inapofungwa. Winchester Model 70, iliyotoka mwaka 1936 ikiwa na ukucha wa aina ya Mauser, ilibadilishwa mwaka 1964 ikawa ya kusukuma, na wapo wazee wenzangu ambao hawajasamehe hadi leo.

Kwa hiyo sukuma kwa mkono thabiti, moja kwa moja hadi mwisho. Usisukume nusu ukaghairi, kwa maana risasi inaweza kubaki chembani bila kushikwa, na ukirudia utaisukuma ya pili nyuma yake, ncha ikielekea kwenye fataki ya ile ya kwanza. Hilo silo jambo la kujaribu.

Mkaguzi

Sikubaliani na wepesi wenu wa kuipitisha triga kwa kuwa mwenyewe ameisifu. Triga inayokatika vizuri inaweza kuwa imerekebishwa kupita kiasi. Hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba na magazini ni tupu, elekeza mtutu mahali salama, kisha weka kizuizi cha usalama, vuta triga, iachie, ondoa kizuizi. Pini haipaswi kuanguka. Ifunge pia bolti kwa nguvu mara kadhaa, kizuizi kikiwa kimeondolewa na kidole kikiwa mbali na triga. Ikifyatuka yenyewe hata mara moja, hiyo ndiyo ya kurudisha, wala usingoje kundi la risasi kumi.

Mgeni wa Bolti

Nawashukuru nyote. Triga imefaulu majaribio yote. Bolti ina uzito uleule kabla na baada ya kufyatua, na fataki hazina alama ya ajabu. Karatasi ilipita vizuri mkononi, lakini bunduki ilipolala juu ya mfuko ilinasa upande wa kushoto, na skrubu ya mbele ilizunguka karibu robo nzima kabla ya kufikia kipimo. Nimesogeza mfuko nyuma, karibu na magazini, nikafyatua kumi kwa kupumzisha mtutu: milimita 41, na hakuna tena iliyokimbilia juu kulia.

Kugota kumebaki kwa risasi ya tatu peke yake, hata nikisukuma kwa nguvu. Mzee wa Masafa, je, nitazame midomo ya magazini?

Mzee wa Masafa

Ndiyo, mwanangu. Iondoe, jaza risasi tatu, uitazame kwa mbele: ikiwa moja imeinamisha pua kuliko wenzake, kosa liko kwenye magazini, na hiyo hubadilishwa bila kuigusa bunduki.