Msaada: nimewafungia wateja kwenye folda zao, sasa hawaingii kabisa

Zabibu_Hombolo
Wakuu, habari za jioni. Nina duka la uchapaji hapa Dodoma, Area C. Wateja wa Kondoa na Mpwapwa hunitumia kazi kwa SFTP (njia salama ya kutuma mafaili mtandaoni), kwenye seva ya Ubuntu. Juzi mmoja kanipigia: "Mbona naona folda ya shule?" Niliishiwa nguvu. Humo mna mtihani wa moko wa darasa la saba ambao haujafanywa.

Nataka kila mtu aone ya kwake tu. Nimeweka `ChrootDirectory /data/%u` (inamfungia kila mmoja kwenye folda yenye jina lake) na kila mteja nimemmilikisha folda yake. Sasa nenosiri linakubaliwa, halafu wanatolewa hapohapo. Usiku wa pili huu silali.

Mzee_wa_Majengo
Pole sana. `/var/log/auth.log`, kumbukumbu ya wanaoingia, inasemaje?

Zabibu_Hombolo
`bad ownership or modes for chroot directory "/data/kondoa1"`

Mzee_wa_Majengo
Basi huo umiliki uliowapa ndio unaowatoa. Folda ya kumfungia mtu, pamoja na zote zilizo juu yake hadi `/`, lazima ziwe za root (msimamizi mkuu wa seva), na asiwepo mwingine wa kuandika humo. Mteja mpe chumba cha ndani:

```
chown root:root /data/kondoa1
chmod 755 /data/kondoa1
mkdir /data/kondoa1/kazi
chown kondoa1 /data/kondoa1/kazi
```

Kisha mwisho kabisa wa `sshd_config`, faili la mipangilio ya sshd (huduma inayopokea SFTP):

```
Match Group wateja
  ChrootDirectory /data/%u
  ForceCommand internal-sftp
  AllowTcpForwarding no
```

Binti_Kikuyu
Zabibu, huo mstari wa mwisho usiuache. Bila huo mteja hapati shell (sehemu ya kuandikia amri za seva), lakini anaweza kupitia seva yako kuzifikia kompyuta nyingine za dukani. Na Match ikae mwisho kweli, maana kila kinachoifuata kinahesabiwa ni cha kundi hilo.

Kabla ya kuwasha upya sshd piga `sshd -t` ikague mipangilio, na dirisha ulilo nalo usilifunge mpaka ujaribu kuingia kwa dirisha jingine. Mimi nilikosea herufi moja, nikapanda basi hadi Singida kwenda kuifungua seva kwa mkono.

Zabibu_Hombolo
Imekubali! Wa Kondoa kaingia, anaona `kazi` peke yake, akipiga `cd ..` (kurudi folda ya juu) mara mbili tatu anabaki palepale. Asanteni sana.

Mwalimu mkuu nimempigia, nimemweleza yote. Kanyamaza kidogo, kisha akasema watatunga mtihani mwingine. Nitauchapa bure.