Tupeane uzoefu: bila kitambulisho, hata laini ya simu huwezi kusajili

BintiWaKibra:
Leo mdogo wangu amekataliwa kusajili laini kwa kukosa kitambulisho, na yangu yote yamenirudia. Sisi Wanubi tuko Kibra, hapa Nairobi, tangu enzi za babu zetu wa King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza. Hata hivyo, nilipotimiza miaka 18 niliketishwa mbele ya wazee wa kupiga msasa, yaani kuhakiki kama kweli u Mkenya, nikadaiwa kitambulisho cha babu. Wenzangu wa darasa hawakuulizwa chochote. Wao wakafungua M-Pesa na akaunti za eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mimi nikabaki kuazima simu. Jamii nyingine mlipitia nini?

MjukuuWaMkonge:
Dada, umegusa kidonda. Sisi Wamakonde, babu zetu waliletwa kutoka Msumbiji kukata mkonge. Mpaka watu wetu walipotembea kutoka Kwale hadi Nairobi mwaka 2016 kudai uraia, mama alikuwa akipokea pesa kwa laini ya jirani. Wakikosana, pesa haitoki.

Mlimani254:
Samahani, lakini si kila kitu ni kabila. Hata mimi nilingoja kitambulisho miezi mingi.

BintiWaKibra:
Kaka, ulingoja kadi ichapishwe. Kuna aliyekuuliza babu yako alizaliwa wapi?

Mlimani254:
Hapana. Hilo sikuulizwa.

WaGarissa:
Ngoja niseme yangu. Ukame ulipotubana, wazazi wengi wa huku, Wakenya kabisa, waliandikisha watoto kwenye kambi ya wakimbizi ya Dadaab wapate posho na matibabu. Nilikuwa mtoto wa shule. Nilipokuja kuomba kitambulisho, alama zangu za vidole zikatokea kwenye orodha ya wakimbizi. Karani akaniambia, "Wewe si wetu." Mkopo wa chuo huombwa mtandaoni na unataka namba ya kitambulisho, kwa hiyo chuo kikaishia hapo. Mshahara wangu huingia kwenye simu ya mke wangu.

Halafu baba akalazwa Nairobi. Nikapanda basi, nikashushwa kwenye kizuizi cha barabarani kwa kukosa kadi. Hospitali inataka pesa, mke yuko kijijini ambako mtandao haushiki, na mimi niko kando ya barabara nabembeleza watu nisiowajua wanitumie kwa simu zao, niwape noti mkononi. Wengi waliniogopa. Baba alifariki kabla sijafika.

MamaYusra:
Inna lillahi. Pole sana, mwanangu.

MjukuuWaMkonge:
Pole ndugu. Nimeshindwa hata kuandika.

Mtetezi_Pwani:
Tafuta wanasheria wa msaada, wapo wanaoshughulikia kesi za alama za vidole.

MzeeWaBaraza:
Wanasheria watakuzungusha. Nenda na mzee wa ukoo na barua ya chifu.

Mtetezi_Pwani:
Barua ya chifu haifuti alama kwenye kompyuta, mzee wangu. Na mdogo wake BintiWaKibra asikubali kusajiliwa laini kwa jina la mtu. Ikitumika vibaya, anatafutwa mwenye jina.

MamaYusra:
Sasa ale nini akingoja? Mimi wanangu wote wanatumia laini yangu.

SomaSheria:
Tusisahau Huduma Namba, ile namba moja ya utambulisho ya serikali. Usajili ulianza 2019, na kina Nubian Rights Forum, shirika la kutetea haki za Wanubi, wakaenda Mahakama Kuu kwa hofu hiihii, kwamba asiye na karatasi atafungiwa nje ya kila huduma. Januari 2020 majaji waliusimamisha mpaka pawepo kanuni za kutosha, wakakataza pia kukusanya DNA. Na Februari 2025 Rais alitangaza akiwa Wajir kwamba msasa umeondolewa. Mdogo wake BintiWaKibra asiombwe kitambulisho cha babu tena.

BintiWaKibra:
Tangazo tulilisikia na tulishangilia. Lakini ofisi aliyokwenda bado wamemwambia arudi na mzee wa mtaa anayemjua. Nitaandamana naye mwenyewe, nitake waniandikie sababu.

MjukuuWaMkonge:
Fanya hivyo. WaGarissa, alama zako zimeshafutwa?

WaGarissa:
Bado. Faili limepelekwa Nairobi, nimeambiwa watanipigia. Nimewaachia namba ya mke wangu.