Fleti ya ghorofa mbili yenye bustani katika mtaa wa kale: nikague nini kabla ya kusaini mkataba?

Muulizaji

Ndugu zangu, nimeonyeshwa fleti ya ghorofa mbili yenye ngazi za ndani, iliyokarabatiwa hivi karibuni katika jengo la kale la mawe, ikiwa na bustani upande wa nyuma. Kodi yake inazidi ile ya fleti za ukubwa huo katika majengo mapya, na mwenye nyumba anasema ziada hiyo ni ya ukarabati na bustani. Kila ukuta unang'aa kwa rangi mpya, nami sijui rangi hiyo imefunika nini. Mkataba ni wa miaka miwili. Nikague mambo gani, na yapi yaandikwe kabla sijalipa amana? Natanguliza shukrani.

Mchangiaji wa kwanza

Anzia ukutani. Kuta za mawe za zamani kwa kawaida zilijengwa kwa chokaa, ambayo huruhusu unyevu kupenya na kukauka. Fundi akizipiga lipu ya saruji na kuzifunika kwa rangi isiyopitisha hewa, unyevu hunaswa ndani, na baada ya muda rangi huvimba, hubanduka na kuacha ungaunga mweupe wa chumvi. Unyevu unaopanda kutoka ardhini mara nyingi huishia kimo cha mita moja hivi, kwa hiyo inama, gusa kuta za ghorofa ya chini, fungua makabati yaliyojengewa ukutani na unuse. Ukiweza, nenda siku iliyofuata mvua kubwa.

Kisha toka nje uone udongo wa bustani umefika wapi. Unapaswa kuwa chini ya usawa wa sakafu ya ndani, walau kwa sentimita 15. Watengenezaji wa bustani hupenda kumwaga udongo mpya hadi ukaegemea ukuta; maua hustawi, na chumba cha upande wa pili huota ukungu. Muulize mwenye nyumba kama lipu ni ya chokaa au ya saruji, na akisema hajui, omba kuzungumza na fundi aliyeipiga.

Mchangiaji wa pili

Nakubaliana na aliyetangulia, ingawa binafsi nisingeiacha nyumba nzuri kwa sababu ya doa moja la unyevu. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hilo neno "bustani" katika tangazo. Je, ni yako peke yako, au majirani wana haki ya kupita? Maji ya kumwagilia yanasomwa kwenye mita ya nani? Mti mkubwa ukihitaji kukatwa matawi, au mizizi yake ikiziba bomba la majitaka, gharama ni ya nani? Mkataba usipotaja hayo, unalipia kitu ambacho huna hakika kwamba ni chako.

Jambo jingine ni sheria za uhifadhi. Penye ulinzi wa kisheria, sura ya nje ya jengo, yaani madirisha, milango na paa, kwa kawaida haibadilishwi bila kibali, na hata kufunga kiyoyozi au dishi ukutani kunaweza kukatazwa. Omba kuona kibali cha ukarabati wenyewe, kwa sababu kazi iliyofanywa bila kibali inaweza kuamriwa ibomolewe wewe ukiwa ndani.

Muulizaji

Ahsanteni sana. Kibali sikukifikiria kabisa, nitakiomba. Vyumba vya kulala viko juu, chini ya paa. Kuna tatizo?

Mchangiaji wa tatu

Lipo, kama paa halikuwekewa kizuia joto, kwa sababu hewa ya moto hupanda kupitia uwazi wa ngazi na kukusanyika huko juu. Kaa chumbani humo alasiri, madirisha yakiwa yamefungwa, kabla hujaamua. Panda na kushuka ngazi ukiwa umebeba kitu, kwani katika majengo ya kale huwa na mwinuko mkali, na uliza kitanda kiliingizwaje. Halafu, siku ya kukabidhiwa funguo, pigeni picha kila ukuta, zitiwe tarehe, nyote wawili mzisaini na kuziambatisha kwenye mkataba, ili madoa yakijitokeza baadaye amana yako isikatwe kwa uharibifu ambao si wako.